Mtoto Asiyetulia: Kuelewa Upungufu wa Umakini na Kazi za Usimamizi za Ubongo

Katika kata ya Ijumbi, wilayani Muleba, nyumba nyingi zimezungukwa na migomba na mibuni. Asubuhi moja ya Novemba, msimu wa senene, bibi mmoja alimtuma mjukuu wake wa miaka tisa kuteka maji. Saa nzima ilipita. Mtoto alirudi bila maji na bila ndoo, akiwa na chupa iliyojaa senene mkononi na furaha tele usoni. Alipoulizwa ndoo iko wapi, alishika kichwa, akageuka na kutimua mbio kuifuata. Njiani alikutana na wenzake, na ndoo ikasahauliwa kwa mara ya pili.

Shuleni habari ilikuwa ileile. Daftari la hesabu lilikuwa na mistari miwili ya kwanza iliyoandikwa vizuri, kisha kurasa tupu. Alijibu maswali kabla mwalimu hajamaliza kuuliza. Alinyanyuka kwenye dawati bila ruhusa, aligombana kwenye foleni ya uji, na kila wiki alipoteza kalamu. Alikuwa amekwisha kuchapwa mara nyingi. Nyumbani aliitwa mkaidi, shuleni aliitwa mtundu, na jirani mmoja alimshauri bibi ampeleke kwa mganga akaaguliwe. Mwalimu mkuu alikuwa akifikiria kumrudisha darasa la pili.

Mtoto huyu si mtu mmoja. Ni mfano uliotungwa kwa kuunganisha mambo yanayojirudia katika vyumba vya kliniki, ili msomaji aone sura ya tatizo bila kufichua siri ya familia yoyote. Swali alilokuja nalo bibi, hata hivyo, huulizwa na wazazi wengi: “Daktari, mjukuu wangu ni mgonjwa, au mimi nimeshindwa kumlea?”

Hali yenyewe ni ipi

Hali inayozungumziwa hapa ni upungufu wa umakini unaoambatana na kutotulia kupita kiasi, ambayo kwenye kadi za kliniki huandikwa kwa herufi ADHD. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Dalili zake ziko katika makundi mawili. La kwanza ni la umakini: mtoto hupitiwa na mambo madogo, huanza kazi asiimalize, hupoteza vitu, husahau alichotumwa, na huonekana kama hasikii anaposemeshwa ana kwa ana. La pili ni la kutotulia na pupa: hujinyonganyonga kitini, hukimbia na kuparamia pasipofaa, huongea mno, huwadakiza wengine, na hushindwa kungoja zamu yake.

Kila mtoto hufanya hivyo wakati fulani. Ndiyo maana wataalamu wamewekeana masharti. Kwa mujibu wa mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani wa mwaka 2013, mtoto awe na dalili sita au zaidi kati ya tisa katika kundi mojawapo, ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, baadhi yake ziwe zimeanza kabla ya umri wa miaka 12, zionekane mahali pawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na shuleni, na ziwe zinaharibu maisha yake ya kila siku. Mtoto anayesumbua kwa mwalimu mmoja tu, au aliyebadilika ghafla mwezi uliopita, hajatimiza masharti hayo. Sababu yake itafutwe kwingine.

Wako watoto wenye upungufu wa umakini wasio na fujo yoyote. Miongoni mwao wamo wasichana wengi. Huketi kimya dirishani, macho nje, mawazo mbali, na mwalimu mwenye darasa kubwa huwaona kuwa wapole lakini wazito wa kuelewa. Kwa kuwa hawamsumbui mtu, hawaletwi kliniki, na huacha shule bila aliyewahi kuuliza kwa nini.

Si ugonjwa wa kizungu wala wa juzi. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still aliwaeleza madaktari wenzake jijini London kuhusu watoto wenye akili nzuri walioshindwa kujizuia na kudumu katika jambo moja. Uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi uliochapishwa mwaka 2007 ulikadiria kuwa takribani watoto 5 kati ya kila 100 duniani wana hali hii, na mapitio ya tafiti za Afrika yalipata viwango vya asilimia 5.4 hadi 8.7. Kwa makadirio ya chini, darasa lenye wanafunzi 80 litakuwa na wanne.

Msimamizi wa kibanja

Ili kuelewa kinachotokea ndani ya mtoto huyo, yafaa kuzijua kazi za usimamizi za ubongo. Hizi hutegemea zaidi sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, pamoja na njia za mawasiliano zinazoiunganisha na sehemu za ndani.

Mfano wa kibanja unasaidia. Kibanja cha migomba na mibuni hakistawi kwa nguvu za vibarua pekee. Yupo anayejua mkungu upi ukatwe leo na upi ungoje, machipukizi yapi yang’olewe, samadi iwekwe lini, na mvua ikinyesha ghafla kahawa iliyoanikwa iondolewe kwanza na nani. Vibarua wakiwa hodari lakini msimamizi akawa anafika kwa kuchelewa, kazi itaanzwa pande zote na haitakamilika upande wowote. Mtoto mwenye upungufu wa umakini ana vibarua hodari: anaona, anasikia, anaelewa, anakumbuka hadithi za mwaka jana. Msimamizi wake ndiye anayechelewa.

Usimamizi huo una nguzo tatu. Ya kwanza ni kujizuia: uwezo wa kusitisha neno au tendo kabla halijatoka, na kutoufuata mvuto wa pembeni. Ya pili ni kumbukumbu ya kazi: kushikilia jambo akilini huku ukilitumia, kama kukumbuka “teka maji, pitia kwa jirani uchukue kisu, kisha rudi” wakati miguu inatembea. Ya tatu ni unyumbufu wa fikra: kuacha njia iliyoshindikana na kujaribu nyingine, au kutoka kwenye mchezo kuingia kwenye somo bila vurugu. Juu ya nguzo hizi hujengwa uwezo wa kupanga, kukadiria muda, kutuliza hasira na kumaliza kazi.

Kwa watoto wote nguzo hizi huchelewa kukomaa. Huendelea kujengeka hadi miaka ya ishirini na kitu. Kwa wenye upungufu wa umakini huchelewa zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, uliopima unene wa gamba la ubongo kwa watoto 223 wenye hali hii na wengine 223 wasio nayo, ulionesha kuwa gamba hilo lilifikia kilele cha unene katika umri wa miaka 10.5 hivi kwa kundi la kwanza, na miaka 7.5 kwa kundi la pili. Sehemu ya mbele ndiyo iliyochelewa zaidi. Mpangilio wa ukuaji ulikuwa uleule, ila ulikuja nyuma kwa takribani miaka mitatu. Kwa mlezi maana yake ni hii: katika kujizuia na kujipanga, mtoto wa miaka tisa huweza kuhitaji usaidizi anaopewa mtoto wa miaka sita, hata kama hesabu za darasa lake anaziweza.

Mbona senene aliwaweza? Swali hili huwakera walezi wengi. Mtoto aliyeshindwa kukaa dakika kumi darasani aliinama kwenye majani yenye umande saa nzima, akiwadaka senene mmoja mmoja bila kuchoka. Walezi huhitimisha kuwa ni uvivu wa kuchagua. Jibu liko katika kemikali zinazopeleka ujumbe ndani ya ubongo, hasa dopamini na noradrenalini. Kazi yenye msisimko, mwendo na malipo ya papo hapo huziamsha kemikali hizo yenyewe. Kila senene anayeingia chupani ni zawadi. Hesabu za kugawanya hazilipi chochote hadi mwisho wa muhula, na hapo ndipo msimamizi anapohitajika kumshikilia mtoto kwenye kazi isiyovutia.

Hutoka wapi

Urithi ndio chanzo kikubwa. Tafiti za mapacha zimeonesha kuwa zaidi ya theluthi mbili ya tofauti baina ya watoto katika hali hii hutokana na vinasaba. Si ajabu mzazi akasema, “Hata baba yake alikuwa hivihivi.” Mambo mengine yanayoongeza uwezekano ni kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo, mama kuvuta sigara wakati wa ujauzito, na madini ya risasi mwilini. Pombe nayo hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni, iwe ni bia ya dukani, lubisi ya ndizi au gongo. Mjamzito aambiwe wazi kwamba hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama.

Malezi mabaya hayasababishi hali hii, ingawa yanaweza kuizidisha. Sukari haisababishi. Uchawi hausababishi. Bibi wa mfano wetu alihitaji kusikia hayo kabla ya jambo lingine lolote.

Kabla ya kutoa jina

Muleba inataka tahadhari ya pekee. Mwaka 2006 wilaya hii ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa malaria, na malaria kali hupiga ubongo. Nchini Uganda, jirani wa Kagera, watafiti waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliolazwa Hospitali ya Mulago, Kampala, kwa malaria ya ubongo. Miaka miwili baadaye, karibu mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika uwezo wa akili, na umakini ndio ulioathirika zaidi. Miongoni mwa watoto wenye afya wa maeneo hayohayo, waliokuwa na upungufu huo hawakufika mmoja kati ya kumi. Kwa hiyo mhudumu anayeletewa mtoto asiyetulia aulize: aliwahi kulazwa akiwa na degedege au amepoteza fahamu? Je, tabia hii ilikuwepo kabla, au ilianza baada ya hapo?

Swali hilo linabeba pia habari ya kinga. Ni wilayani Muleba ambako majaribio yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionesha kuwa vyandarua vilivyoongezwa kiambata cha PBO vilipunguza maambukizi ya malaria kuliko vile vya dawa ya kawaida pekee. Chandarua kinacholinda uhai wa mtoto hulinda pia umakini wake.

Yapo mengine yanayofanana na upungufu wa umakini. Mtoto asiyesikia vizuri, labda kwa sababu ya masikio yanayotoa usaha, huonekana hazingatii. Asiyeona ubao huzungumza na jirani. Mwenye kifafa cha kuduwaa hukatika sekunde chache mara nyingi kwa siku, na mwalimu hudhani anaota. Upungufu wa damu unaotokana na minyoo au lishe duni humfanya mtoto mzito na msahaulifu. Mwenye selimundu huweza kupata viharusi vidogo visivyopoozesha kiungo, vinavyoharibu sehemu ya mbele ya ubongo kimyakimya. Maambukizi ya VVU tangu kuzaliwa huweza kufanya hivyo pia. Kisha kuna huzuni na hofu. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, mabibi wengi wa mkoa huu wamezika watoto wao na kulea wajukuu. Mtoto aliyefiwa, anayepigwa, au asiyelala kwa njaa hawezi kutulia, na dawa ya umakini haimsaidii.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha hali hii. Kipimo kikuu ni mazungumzo yenye subira: historia tangu ujauzito, maelezo ya mlezi, maelezo ya mwalimu, madaftari ya mtoto, na uchunguzi wa mwili ukijumuisha macho, masikio na wingi wa damu. Barua fupi ya mwalimu ina thamani kubwa kuliko vipimo vingi vya gharama.

Fimbo hufundisha nini

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataka adhabu hiyo itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye, isizidi viboko vinne, na izingatie umri, jinsia na afya ya mwanafunzi. Neno “afya” limo ndani ya kanuni, na hapa lina uzito wake. Mtoto ambaye ubongo wake haujakomaa kujizuia haongezewi uwezo huo kwa maumivu. Atakumbuka fimbo, lakini dakika ya kujizuia ikifika, breki bado itakuwa dhaifu.

Utafiti uliofanywa Tanzania miongoni mwa watoto 409 wa shule ya msingi uligundua kuwa adhabu kali zaidi ziliambatana na huzuni na wasiwasi zaidi, kumbukumbu ya kazi iliyo dhaifu zaidi na matokeo hafifu ya masomo. Utafiti wa namna hiyo, uliopima mara moja tu, hauwezi kusema kipi kilitangulia. Huenda watoto wenye shida ndio wanaopigwa zaidi. Vyovyote iwavyo, hakuna dalili kwamba fimbo iliwasaidia. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nao walisema kukunja, hawakusema kuvunja.

La kufanya nyumbani na shuleni

Msaada wa kwanza kwa watoto wengi, hasa walio chini ya miaka sita, ni kumfundisha mlezi na mwalimu namna ya kumsimamia mtoto kutoka nje, wakati usimamizi wa ndani unakua. Yafuatayo hayahitaji fedha.

Agizo liwe moja kwa wakati, fupi, mtoto akiwa anatazama uso wa msemaji, kisha alirudie kwa maneno yake. Bibi aliyesema “teka maji, kalishe mbuzi, kisha uoge” alitoa maagizo matatu kwa kumbukumbu inayobeba moja.

Siku iwe na mpangilio usiobadilika: kuamka, kazi, chakula, masomo na kulala kwa saa zilezile. Daftari na kalamu vikae mahali pamoja penye kuonekana.

Sifa itolewe papo hapo na kwa jambo mahususi: “Umerudisha ndoo, ahsante.” Ahadi ya zawadi ya mwisho wa mwaka iko mbali mno. Kosa dogo lisilodhuru lipuuzwe. Kosa kubwa lifuatiwe mara moja na tokeo dogo lililojulikana mapema, kama kukosa mchezo wa jioni hiyo.

Darasani, mtoto aketi mbele karibu na mwalimu, mbali na dirisha. Kazi ya maswali kumi igawanywe mara mbili, naye apeleke matano ya kwanza yasahihishwe kabla ya kuendelea. Apewe sababu halali za kunyanyuka, kama kufuta ubao au kugawa madaftari. Michezo ya mwendo nayo husaidia umakini, hivyo kumnyima mapumziko kama adhabu ni kumwongezea tatizo.

Dawa zipo na zinafanya kazi. Inayotumika zaidi ni methilifenideti, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1944. Huongeza dopamini na noradrenalini katika njia za umakini, na kwa watoto wengi hupunguza dalili kwa kiasi kinachoonekana. Huweza pia kupunguza hamu ya kula, kuchelewesha usingizi na kupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, kwa hiyo uzito, urefu na shinikizo hupimwa kila mtoto anaporudi kliniki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wasio mabingwa unaelekeza kuwa dawa hii isitolewe kwa watoto walio chini ya miaka 6, na itumike chini ya uangalizi wa bingwa baada ya msaada wa malezi na shule kujaribiwa. Si dawa ya kununua dukani wala kuazimana. Dawa za usingizi hazitibu hali hii.

Kwa mhudumu wa zahanati

Mhudumu wa zahanati hahitaji kuwa bingwa ili afanye jambo la maana. Asikilize, apime macho, masikio na damu, aulize malaria ya ubongo, degedege na msiba, aombe barua ya mwalimu, afundishe njia zilizotajwa, na apange kumwona mtoto tena baada ya wiki nne. Ampe rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, na ikibidi Bugando jijini Mwanza, endapo mtoto ana kifafa, amerudi nyuma katika ukuaji, anajidhuru au kudhuru wengine, au hajapata nafuu baada ya miezi mitatu ya usimamizi mzuri. Mabadiliko ya ghafla ya tabia pamoja na homa, kuumwa kichwa au kutapika ni dharura, na mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mtoto wa mfano wetu hakuwahi kupata malaria kali, na macho na masikio yake yalikuwa mazima. Mwalimu alikubali kumketisha mbele na kumgawia kazi nusu kwa nusu. Wazo la kumrudisha darasa likaahirishwa hadi mwisho wa mwaka. Bibi naye alijifunza kumtuma jambo moja moja. Katika ziara ya pili alieleza kuwa mjukuu bado husahau, bado hukimbia, na kalamu mbili zimepotea. Kisha akaongeza kwamba wiki ile ndoo ilirudi nyumbani siku nne kati ya saba, na kwamba kwa mara ya kwanza mtoto alimwonesha daftari lake mwenyewe, bila kuulizwa.